Daktari Anaweza Kuthibitisha Bawasiri Bila Kuangalia?

#1 Mwenye Swali (mleta mada)
Wanajukwaa, salaam. Kwa miezi kadhaa sasa naona damu nyekundu ninapopata choo. Haijachanganyika na choo chenyewe. Hudondoka mwishoni, au hubaki juu ya kinyesi na kwenye karatasi. Sisikii maumivu yoyote, ila choo kikiwa kigumu nahisi kitu laini kikishuka, kisha kinarudi ndani chenyewe nikisimama. Nilikwenda kwa daktari nikamweleza kwamba nina bawasiri, naye akaanza kuandika dawa ya kupaka na nyingine ya kuweka ndani kabla sijamaliza sentensi ya pili. Kitanda cha kupimia kilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kiti nilichokalia, na pazia lake halikuguswa. Damu ilikoma nilipokuwa natumia dawa, ikarudi zilipokwisha. Naomba kuuliza: bawasiri inaweza kuthibitishwa kwa maelezo ya mgonjwa peke yake? Na kama haiwezekani, uchunguzi kamili unakuwaje, ili nikienda tena nijue kama nimepimwa au nimesikilizwa tu?

#2 Kauli Fupi
Maelezo yako yanajitosheleza. Bawasiri ya ndani ina madaraja manne. La kwanza huvuja damu bila kushuka. La pili hushuka unapojikamua na kurudi yenyewe. La tatu hairudi mpaka uirudishe kwa kidole. La nne imebaki nje na hairudi hata ukiisukuma. Wewe uko daraja la pili. Daktari huyo amekwisha kuona wagonjwa wengi wenye maelezo kama yako, sasa ulitaka aangalie nini zaidi?

#3 Nesi Mstaafu
Kauli Fupi, madaraja umeyataja sawasawa, lakini hupangwa baada ya kuthibitisha kwamba kinachoshuka ni bawasiri. Maelezo ya mleta mada yanampa daktari dhana nzuri ya kuanzia, basi. Polipu, yaani kinyama kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, ikiwa na kikonyo na iko karibu na mlango, nayo hushuka na kurudi. Puru yenyewe (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) nayo huweza kushuka, na tofauti yake huonekana kwa macho: puru iliyoshuka ina mikunjo inayozunguka kwa duara, ilhali bawasiri iliyoshuka hujigawa kwa mifereji inayotoka katikati kwenda pembeni. Hakuna mgonjwa anayeweza kujiona vizuri kiasi hicho.

Kuhusu uchunguzi wenyewe, kwa kawaida unaendelea hivi. Utalala kwa ubavu wa kushoto, magoti ukiyakunja kuelekea kifuani, umefunikwa shuka isipokuwa sehemu inayopimwa. Daktari ataachanisha makalio kwa upole na kuangalia ngozi kwanza: mpasuko, jipu, tundu la nasuri, vinyama vya ngozi, vidonda, uvimbe wenye rangi ya bluu. Atakuomba ujikamue kama unayesukuma choo, ili aone kama kuna kinachoshuka. Baada ya hapo huingiza kidole chenye glovu na jeli ya kulainisha. Mwisho ni proktoskopu, kibomba kifupi chenye taa ambacho huingizwa huku kikiwa na kizibo cha mviringo ndani yake. Kizibo kikishatolewa, daktari huangalia huku akikivuta kifaa nje polepole, na bawasiri hujitokeza kwenye mdomo wake kadiri kinavyotoka. Hatua zote hizi huchukua dakika chache, na kwa kawaida hazihitaji ganzi wala kulala hospitali.

#4 Bora Uzima
Asante kwa maelezo hayo, yamenifungua macho. Mimi nilipimwa kwa kidole tu, nikaambiwa sina bawasiri, nikarudi nyumbani nimefurahi. Damu haikukoma. Daktari wa pili alitumia hicho kibomba, akakuta bawasiri za ndani mbili zilizovimba vizuri tu. Je, yule wa kwanza hakujua kazi yake?

#5 Nesi Mstaafu
Bora Uzima, bawasiri ya ndani ni laini na hubonyea chini ya kidole, kwa hiyo haishikiki isipokuwa damu iwe imeganda ndani yake. Kidole hakitumwi kuitafuta. Kinatafuta uvimbe mgumu, sehemu yenye maumivu, usaha, na nguvu ya misuli ya kubana. Aliyekupima kwa kidole alikuwa sahihi kusema hakuhisi uvimbe; aliteleza alipotoka hapo na kusema huna bawasiri.

#6 Kauli Fupi
Kwa hiyo mnakubali kwamba kidole hakiwezi kuona bawasiri, na bado mnamlaumu daktari kwa kutokitumia. Ajabu hii.

#7 Subira Njema
Kauli Fupi, naomba nikueleze kilichonipata, kisha uamue mwenyewe kama ni ajabu. Kwa muda mrefu nilitumia dawa za bawasiri kwa sababu nilikuwa na kinyama kidogo nje na damu kidogo kwenye karatasi. Tofauti yangu na mleta mada ni maumivu: kila nilipopata choo nilihisi kama ninapitisha vipande vya chupa, na uchungu uliendelea kwa saa nzima au zaidi baada ya kutoka chooni, kiasi kwamba nilianza kuogopa kula. Kila niliyemweleza alisikia neno kinyama na neno damu, akaandika dawa ileile.

Daktari aliyenisaidia hakutumia kifaa chochote. Aliachanisha ngozi taratibu kwa vidole viwili, akaelekeza taa, akasema, "Mpasuko huu hapa, upande wa nyuma katikati kabisa, na hicho unachokiita bawasiri ni ngozi iliyovimba kwenye ncha yake ya nje." Alikataa kuingiza kidole siku hiyo akisema kwamba ningeumia bure na jibu tayari analo. Nilipewa dawa ya kulainisha choo na marhamu ya kulegeza msuli wa ndani, ambao kwa maelezo yake hukaza kwa sababu ya maumivu, na kwa kukaza hupunguza damu inayofika kwenye jeraha, hivyo jeraha halifungi. Dawa za bawasiri nilizotumia hazikuwa na njia ya kuufikia ugonjwa huo.

#8 Mchambuzi
Niongeze jambo moja kwa Subira Njema. Mipasuko mingi hutokea mstari wa katikati, hasa upande wa nyuma. Daktari akiukuta pembeni, au akikuta zaidi ya mmoja, anatakiwa kujiuliza kuhusu ugonjwa wa Crohn (uvimbe na vidonda vya kudumu vya utumbo), kifua kikuu, kaswende, VVU au saratani. Mahali tu jeraha lilipo panabadilisha orodha ya vipimo, na mahali hapo hapajulikani kwa kusimuliwa.

#9 Kauli Fupi
Sawa, nimewaelewa. Basi kanuni ni rahisi: kukiwa na maumivu ni mpasuko, kusipokuwa na maumivu ni bawasiri. Mleta mada hana maumivu. Tumemaliza.

#10 Jicho Pembeni
Hatujamaliza, mkuu. Mimi nilikuwa na bawasiri ya nje iliyoganda damu, na siku mbili za kwanza sikuweza kukaa wala kulala chali. Ilikuwa uvimbe mgumu wa bluu, ukubwa wa punje ya zabibu, uliotokea ghafla. Niliambiwa kwamba mgonjwa akifika ndani ya saa 72 tangu ianze, daktari anaweza kuukata chini ya ganzi na nafuu ikaja haraka. Akichelewa zaidi ya hapo maumivu huwa yameanza kupungua yenyewe, na kukata hakumsaidii sana. Kwa hiyo ipo bawasiri yenye maumivu makali.

#11 Nesi Mstaafu
Ni kweli kabisa. Ndani ya njia ya haja kubwa kuna mstari ambao juu yake hakuna mishipa ya fahamu ya maumivu kama ile ya kwenye ngozi, na chini yake ipo tele. Bawasiri ya juu ya mstari huvuja damu bila kuuma. Ya chini huuma. Lakini saratani ya puru nayo, ikiwa juu ya mstari huohuo, kwa muda mrefu haiumi. Kutokuwepo kwa maumivu kunaeleza mahali, Kauli Fupi. Aina ya ugonjwa haijaelezwa.

#12 Mtani wa Jadi
Nimesoma kimyakimya tangu mwanzo. Naona watu wote hapa wako tayari kueleza makalio yao mbele ya maelfu ya wasomaji wasiowajua, lakini ndani ya chumba chenye daktari mmoja na pazia wanasema "nina bawasiri tu, dokta" na kutazama ukuta.

#13 Bora Uzima
Mtani wa Jadi, umetupata. Hapa hakuna anayeniambia nivue suruali.

#14 Mchambuzi
Utani wa Mtani wa Jadi una jambo ndani yake, kwa sababu bado hatujajibu kwa nini madaktari wengine hawaangalii. Rafiki yangu ambaye ni tabibu anasema wagonjwa wengi huingia na jina la ugonjwa tayari, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni akipewa jina hushawishika kulipokea. Subira Njema anaonyesha kwamba hata mgonjwa akitaja dalili bado anaweza kupewa dawa ileile. Wapo pia madaktari wanaoona aibu kuliko wagonjwa wao, hasa wakiwa wa jinsia tofauti na hakuna mtu wa tatu wa kusimama chumbani. Na kuna vyumba ambavyo havina proktoskopu wala taa nzuri, hivyo daktari anajua kwamba hata akimlaza mgonjwa hataona mengi.

#15 Nesi Mstaafu
Mimi nauweka muda nyuma na aibu mbele. Nimeshuhudia madaktari wenye nafasi ya kutosha wakiruka kipimo hiki kwa sababu mgonjwa alikunja uso tu kiliposemwa, na wagonjwa waliokwisha kujiandaa nyumbani wakiondoka bila kuguswa kwa sababu daktari alidhani anawastahi. Mgonjwa anayo haki ya kuomba mtu wa tatu awepo, kuomba daktari wa jinsia anayoitaka kama yupo, na kuomba kazi isimamishwe wakati wowote.

#16 Kauli Fupi
Mnasahau rangi ya damu. Damu nyekundu inayong'aa ni bawasiri, damu nyeusi ni saratani. Hili lilifundishwa hata kwetu shuleni.

#17 Jicho Pembeni
Basi shule yako na yangu zilitofautiana. Rangi inaonyesha damu imesafiri umbali gani na kwa muda gani kabla ya kutoka. Nyekundu inayong'aa kwa kawaida imetoka karibu na mlango, na uvimbe wa puru uko karibu na mlango vilevile. Nyeusi yenye kunata kama lami na harufu kali huelekeza kwenye tumbo la chakula au utumbo wa juu, mara nyingi vidonda vya tumbo, na hiyo ni dharura. Tena vidonge vya madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi bila tone la damu, na bitiruti hukifanya chekundu. Hata hivyo damu nyingi inayotoka juu kwa kasi inaweza kufika chini ikiwa bado nyekundu, ingawa mgonjwa wa namna hiyo huwa na hali mbaya ya wazi: kizunguzungu, jasho baridi, mapigo ya moyo ya haraka.

#18 Mchambuzi
Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Mleta mada ameeleza kwamba damu yake haijachanganyika na choo, na hilo lina uzito zaidi ya rangi, kwa kuwa damu inayotoka juu zaidi hupata muda wa kuchanganyika. Kamasi pamoja na damu, kwenda chooni mara nyingi na kuhisi haja haijaisha ni mlango mwingine kabisa: magonjwa ya uchochezi (uvimbe na vidonda) wa utumbo mpana, maambukizi ya puru yakiwemo ya zinaa, au uvimbe.

#19 Mwendo Taratibu
Mimi niko kwenye mlango huo wa Mchambuzi. Nilitibiwa bawasiri huku naharisha kamasi na damu, na hakuna aliyeniuliza naenda chooni mara ngapi usiku. Ilikuja kujulikana kuwa nina uchochezi wa kudumu wa utumbo mpana, baada ya kamera kuingizwa na vipande vidogo vya nyama kuchukuliwa kwenda maabara. Bawasiri pia ninazo, kwa taarifa yenu. Kuwa nazo hakukunizuia kuwa na ugonjwa mwingine.

#20 Pole Pole
Je, na muwasho? Mimi sina damu wala kitu kinachoshuka, nawashwa tu hasa usiku, na duka la dawa limenipa marhamu ya bawasiri.

#21 Nesi Mstaafu
Muwasho peke yake ni nadra kuwa bawasiri. Muwasho wa usiku hunifanya nifikirie minyoo midogo kwanza, hasa kama kuna watoto nyumbani. Baada ya hapo fangasi, ukurutu, kuoshaoshwa kupita kiasi kwa sabuni, au mzio wa marhamu yenyewe. Marhamu zenye steroidi zikitumika kwa muda mrefu hukondesha ngozi na kuongeza tatizo. Simamisha, ukapimwe.

#22 Mwalimu wa Zamani
Ninauliza kwa nia njema: kwa nini tunazungumza kama vile bawasiri ni kitu kigeni kilichoota mwilini? Nilivyosoma, mwaka 1975 daktari wa upasuaji aitwaye Thomson alionyesha kwamba kila mtu ana vifuko vya mishipa ya damu na tishu ndani ya njia ya haja kubwa, kwa kawaida vitatu, vinavyosaidia kufunga mlango ili hewa na majimaji yasitoke ovyo. Ugonjwa ni pale vinapovimba, kulegea na kuteleza chini. Ikiwa ndivyo, daktari akiweka kibomba kwa mtu yeyote ataviona. Anajuaje kwamba hivyo ndivyo vilivyotoa damu?

#23 Kauli Fupi
Hatimaye swali la maana. Na jibu ni kwamba hajui! Anadhania, kama nilivyodhania mimi katika bandiko la pili bila kumvua mtu nguo.

#24 Jicho Pembeni
Wakati mwingine anajua, Kauli Fupi. Akikuta kifuko kinachovuja, au chenye alama ya damu iliyotoka karibuni, ana ushahidi. Asipokuta hivyo anabaki na uwezekano, na hapo ndipo umri, historia ya familia na kipimo cha damu vinapoamua kama aendelee kutafuta juu zaidi.

#25 Mzizi
Naongeza chanzo ambacho hakijatajwa. Wenye ini lililosinyaa huweza kuwa na mishipa iliyovimba ndani ya puru kutokana na shinikizo la damu kwenye mshipa mkuu wa ini. Kwa mtazamo wa haraka mtu anaweza kudhani ni bawasiri, lakini ni kitu kingine, na kuifunga au kuikata bila kujua kunaweza kuleta damu isiyozuilika. Daktari aulize kuhusu ini kabla ya kushika chombo chochote.

#26 Mwenye Swali (mleta mada)
Nawashukuru nyote. Nimekwenda kwa daktari mwingine, na safari hii sikutaja jina la ugonjwa. Nilieleza ninachokiona na kukihisi, nikamwomba anipime. Alifanya kama alivyoeleza Nesi Mstaafu, kwa mpangilio uleule. Aliponilaza hakuna kilichoshuka hata nilipojikamua, akaniambia niende chooni kilichokuwa pembeni, nichuchumae na kusukuma, kisha nimwite; hapo kikashuka na akakiona. Kwa kibomba alikuta vifuko viwili vilivyovimba, upande wa kulia mbele na upande wa kushoto. Amesema ni bawasiri za ndani daraja la pili.

Nilidhani mambo yameisha, lakini majibu ya damu yameonyesha himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, iko chini, na akiba ya madini ya chuma iko chini vilevile. Sasa anataka nifanyiwe kolonoskopia, yaani kamera ya kupitia njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana wote, kabla ya kuzifunga bawasiri kwa mpira. Umri wangu umevuka 45. Nimechanganyikiwa: ikiwa amekwisha kuona ugonjwa kwa macho yake, kwa nini atafute mwingine?

#27 Kauli Fupi
Kwanza naomba itambuliwe kwamba nilisema daraja la pili tangu mwanzo. Pili, damu inayotoka kila unapokwenda chooni kwa miezi lazima ipunguze damu mwilini. Chanzo kinajulikana, kifungwe. Hiyo kamera ni biashara.

#28 Nesi Mstaafu
Hongera kwa daraja, Kauli Fupi, ulilipata bila taa. Lakini bawasiri kumaliza akiba ya madini ya chuma si jambo la kila siku. Inatokea, hasa kwa wanaotoa damu nyingi ya kudondoka au kurushwa, ila ni jibu linalotolewa baada ya mengine kuondolewa. Nchini Marekani kikosi kinachotoa miongozo ya vipimo vya kinga kilishusha umri wa kuanza kuchunguza saratani ya utumbo mpana kutoka miaka 50 hadi 45 mnamo 2021, na hao ni watu wasio na dalili yoyote. Mleta mada ana dalili na ana upungufu.

#29 Mchambuzi
Ipo njia ya katikati. Uingereza mwongozo unatumia kipimo cha kinyesi kinachotafuta himoglobini ya binadamu. Kikifika mikrogramu 10 kwa kila gramu ya kinyesi, mgonjwa mwenye dalili hupelekwa haraka kwa uchunguzi. Mleta mada angeweza kuanza na hicho.

#30 Jicho Pembeni
Mchambuzi, kwa mtu ambaye bawasiri yake inavuja kila siku, kipimo hicho si kitakuwa chanya kwa sababu ya bawasiri hiyohiyo? Atazunguka na kurudi kwenye kamera.

#31 Mchambuzi
Huenda. Lakini kikitoka hasi kitampa daktari sababu ya kutoiharakisha kamera, ingawa upungufu wa madini ya chuma bado utadai maelezo. Sidai kwamba kinatosha.

#32 Dada Mkubwa
Sikutaka kuandika, ila bandiko namba 27 limenilazimisha. Kaka yangu alikuwa na bawasiri za kweli, zilizoonwa na kutibiwa. Kila damu iliporudi alisema ni zilezile, na kila aliyemtibu alisoma faili la nyuma akakubali. Alipopungua uzito na choo chake kikaanza kubadilika, siku moja kigumu siku nyingine laini, ndipo alipopelekwa kwenye kamera. Uvimbe ulikuwa juu zaidi ya pale ambapo kibomba kifupi kinafika. Hakuna aliyemdanganya, bawasiri zilikuwepo muda wote. Amefanyiwa upasuaji na anaendelea na matibabu.

#33 Kauli Fupi
Pole sana, Dada Mkubwa. Neno biashara nalifuta. Swali la Mwalimu wa Zamani hata hivyo bado liko palepale.

#34 Mtu wa Kawaida
Mimi ni upande wa pili wa Dada Mkubwa, nisome bila hasira. Nilifanyiwa kamera kwa sababu kama za mleta mada, na hawakukuta kitu. Kujiandaa ndiko kulikonichosha: ile dawa ya kusafisha utumbo, usiku mzima karibu na choo, na onyo kwamba utumbo usipokuwa safi kamera haitaona kitu na zoezi litarudiwa. Hatari ya kutoboka utumbo ni ndogo sana lakini nilitakiwa kuisaini. Bawasiri zilifungwa baadaye, damu ikakoma. Mpaka leo sijui kama nilifanya busara au nilipoteza usingizi.

#35 Mzizi
Mleta mada, ukienda mwambie kila dawa unayotumia: aspirini, dawa za kuyeyusha damu, za maumivu. Vidonge vya madini ya chuma huenda ukaambiwa uvisimamishe siku kadhaa kabla, kwa kuwa huacha weusi kwenye utumbo. Za kuyeyusha damu usizikatize mwenyewe. Aliyekuandikia ndiye aamue. Na taja kama mzazi au ndugu wa damu amewahi kupata saratani ya utumbo au polipu.

#36 Subira Njema
Mimi naongeza picha. Kitu kikishuka nyumbani na kisishuke mbele ya daktari, piga picha kwa simu yako na umwonyeshe. Nilidhani ningefukuzwa; daktari wangu alinishukuru kwa picha hiyo na kuikuza kwa vidole viwili.

#37 Mtani wa Jadi
Subira Njema, ila uifute kabla hujaazima mtu simu.

#38 Mwenye Swali (mleta mada)
Nimekubali kolonoskopia, tarehe nimepewa. Daktari amesema angeweza kunifanyia kamera fupi, ya sehemu ya mwisho ya utumbo tu, isiyohitaji maandalizi makubwa, lakini kwa sababu ya upungufu wa madini ya chuma anapendelea kuona mpaka mwanzo wa utumbo mpana. Ametaja pia kwamba wasipokuta kitu huko huenda akaniangalia na tumbo la chakula kwa kamera ya kupitia mdomoni. Kuna la kuuliza zaidi?

#39 Jicho Pembeni
Omba ripoti ya maandishi inayosema kamera ilifika wapi, utumbo ulikuwa safi kiasi gani, na kama kuna kipande kilichopelekwa maabara. Ripoti inayosema tu "kawaida" haitakusaidia damu ikirudi ukiwa mbele ya daktari mwingine.

#40 Mwalimu wa Zamani
Na wakikuta polipu ndogo, nani atasema damu ilitoka hapo na si kwenye bawasiri?

#41 Nesi Mstaafu
Pengine hakuna. Polipu itaondolewa hapohapo na kupelekwa maabara, bawasiri zitafungwa mpira, na damu ikikoma Kauli Fupi atasema zilikuwa bawasiri nami nitasema hatukuwa na namna ya kujua kabla. Mleta mada, uliza kama kazi hizo mbili zitafanyika siku moja, na himoglobini irudiwe kupimwa baada ya muda atakaoutaja daktari, hata kama huoni tena damu.